Movi za wapenzi wa mila mbili tofauti, mbona wao wanaongea weee na kwetu ndugu ndo wanaongea?

KijanaWaMitwero (Lindi)

Wakuu habari za mchana, poleni na joto. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Lindi tunatengeneza movi fupi tunarusha YouTube, safari hii tunataka kufanya ya mapenzi, binti wa Kimwera wa Lindi vijijini na kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe kipindi kile wafugaji walipotolewa bonde la Ihefu kule Mbarali wakaelekezwa huku kusini, 2006 kwenda 2007, wengi mnakumbuka. Kijana amekulia huku, anaongea kama sisi tu, anavuna ufuta, korosho anazijua, ila ukifika kwao nyumbani ni Usukumani kabisa, ng'ombe, mahari, baba ndo msemaji wa kila kitu. Na binti kwao msemaji ni mjomba.

Sasa nimeangalia movi kibao za nje za hii staili nipate mwanga na naona zinapita njia moja, wawili wanapendana, wazazi wanagoma, mmoja anatembea kwenye mvua analia, halafu mtu anasimama anatoa bonge la hotuba mbele ya watu, wote wanalainika, harusi. Kwetu nani atasimama atoe hotuba mbele ya wajomba jamani, utaanzia wapi?

Naomba wenye kuangalia sana mnisaidie, ni movi gani mmeona wapenzi wa mila mbili wanashindwa kuelewana KWELI, yaani sio kwa sababu kuna mbaguzi mmoja mwenye roho mbaya, ila kila upande unaongea kwa utaratibu wa kwao na upande wa pili unasikia kitu kingine. Na sini ya posa niiandikeje? Za bongo pia tajeni, ila zile za mganga na jini hapana.

Pweza_wa_Mikindani

Hiyo ya hotuba nimecheka ila ni kweli. Babu wa movi hizo ni Guess Who's Coming to Dinner ya 1967, Sidney Poitier ni daktari mweusi anapelekwa ukweni kwa wazungu, na mwishoni Spencer Tracy ambaye ndo baba wa binti anawakusanya watu wote sebuleni anaongea mpaka unasahau kwamba kuna chakula kinasubiriwa. Naipenda, sikatai, na kwa wakati ule ilikuwa kitu kizito, mwaka huo huo mwezi wa sita ndo Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta zile sheria za majimbo za kukataza mzungu na mweusi kuoana, movi ikatoka desemba.

Ila iangalie tena ukiwa na hilo swali lako. Yule daktari anawavuta pembeni wazazi wa binti anawaambia kabisa nyie mkisema hapana mimi naondoka zangu, ndoa hakuna. Binti hajaambiwa! Yeye anazunguka nyumba nzima kwa furaha anapanga safari wakati ndoa yake iko mikononi mwa wazee chumba cha pili, na mchumba wake ndo kaiweka huko. Kwangu mimi hiyo ndo sini yenyewe, na dairekta anaipita kama hajaiona. Tena daktari wamemfanya malaika, kasoma, mpole, hana doa, sasa mzazi akimkataa mtu wa hivyo anakuwa hana hoja yoyote zaidi ya rangi. Kijana wako wa Kisukuma mpe kasoro, tafadhali, awe mbishi au mwongo kidogo, ili mjomba akikataa na sisi tukune kichwa.

Inayojibu swali lako ni The Big Sick ya 2017. Kumail Nanjiani anaigiza maisha yake mwenyewe, kaandika na mkewe Emily V. Gordon. Kwao ni Wapakistani wanaishi Marekani, kila akienda kula nyumbani kengele ya mlango inalia, mama yake anajifanya kushangaa eti kuna binti alikuwa anapita tu akaona asalimie. Kila siku anapita mwingine. Kila mmoja anaacha picha na jamaa anazitupia kwenye boksi la sigara. Mama hajui kwamba kijana ana mchumba mzungu, mchumba hajui kwamba mama yuko kazini anatafuta. Siku mchumba kalikuta lile boksi ndo balaa. Na kinachouma ni kwamba jamaa hakuona kama anadanganya, aliona ananyamaza kwa heshima asiwaumize wazazi, hata kuswali alikuwa anashuka chini anajifungia anaangalia video dakika zikiisha anapanda. Binti yeye kile kimya alikisoma kama jibu tayari.

Halafu binti anaugua ghafla wanamlaza usingizi wa dawa hospitali, jamaa anabaki kwenye viti vya kusubiria na wakwe ambao walishasimuliwa kila kitu alichomfanyia mtoto wao. Hawamtaki. Na yeye haondoki. Wanaanza kuzoeana kwa kula na kusubiri daktari. Hiyo itafute uiangalie mara ya pili kwa ajili ya hao wakwe tu.

Bi_Shangani (Mtwara)

Wanangu nimewasoma. Mimi movi naangalia na wajukuu, majina siyashiki, lakini hili la posa naomba niseme maana naona mnaenda kuliharibu.

Kwenye movi za wazungu wawili wanakaa uso kwa uso wanaambiana kila kitu, nakupenda, sikupendi, umeniumiza, wanamalizana humo humo jikoni. Huku kwetu jambo zito halisemwi na mwenye jambo. Binti akimtaka mtu anamwambia somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, au bibi yake, bibi anamtupia mama neno wakati wanachambua mboga, mama anaenda kwa kaka yake ambaye ndo mjomba wa binti, na baba ndani ya nyumba anajua siku nyingi sana ila anakaa kama hajui mpaka aje kuambiwa rasmi. Neno lile lile likipita midomo yote hiyo linafika limevaa nguo nyingine. Hapo ndo movi yako ilipo mwanangu, mvua za nini.

Sasa Msukuma anakuja na mshenga wake na wazee wake, wanafikia kwa baba wa binti kwa sababu kwao baba ndo mwenye mtoto. Baba wa Kimwera atawapokea vizuri mno, watakaribishwa mkeka, watakula, atawaambia tumewasikia. Wageni watarudi wanapiga vigelegele njiani wamepewa mke. Hawajapewa kitu! Hawajamwona mwenye binti. Mjomba yuko kwake huko Nangaru au popote utakapomweka, kasikia kwa watu kwamba kuna wageni walikuja kumposa mpwa wake na yeye hakuulizwa, na kilemba chake, ile zawadi ya heshima anayopewa mjomba, hakuna aliyekitaja. Mkorofi hapo nani? Hakuna. Wote wamefanya adabu ya kwao.

Ila usiandike kama tunaishi mwaka 47. Siku hizi dini na mji vimebadilisha, zipo nyumba baba ndo anaamua na mjomba anaitwa kula pilau tu. Kwa hiyo fanya mjomba huyo naye hana uhakika kama bado ana sauti. Mtu ambaye hana uhakika na sauti yake ndo anagoma kweli kweli.

Kangomba_Mstaafu

Ng'ombe wakiingia kwenye ufuta wa mjomba dakika ya kwanza tu movi imeisha hiyo, hakuna cha posa wala nini 😂😂 kesi inaenda kwa mtendaji

Ng'wana_Kilwa

Mimi ni Msukuma wa huku huku, nimezaliwa Mbarali nimekulia Kilwa kwa hiyo hii mada ni ya kwangu kabisa.

Shikamoo Bi. Umesema vizuri, naongezea upande wetu. Watu wa huku mnatuchukulia kwamba tunanunua wanawake kwa ng'ombe, sio hivyo. Ng'ombe za mahari kwa mila yetu ndo zinawafunga watoto kwenye ukoo wa baba. Sasa Bi kwa Wamwera asili mtoto ni wa ukoo wa mama, si ndiyo? Na mahari ya huku kwa kawaida haiumizi. Basi vuta picha mzee wa Kisukuma anaambiwa na wakwe wema kabisa, mzee wala usihangaike na ng'ombe wote hao, lete kidogo tu cha heshima tumalize. Wao wanamfanyia hisani. Yeye anatoka jasho. Anajiuliza hawa kwa nini hawataki ng'ombe zangu, ina maana wajukuu watakuwa wa nani? Na akisisitiza kuleta kundi zima wao wanasikia huyu anataka kumchukua mtoto wetu jumla asirudi tena. Kila akizidisha wema ndo anazidi kutisha. Sijawahi kuona movi imeweka hiyo na mimi nimeiona kwa macho yangu kwa watu ninaowajua.

Movi ya kuangalia ni A United Kingdom ya 2016, ya dairekta Amma Asante, David Oyelowo anaigiza Seretse Khama na Rosamund Pike ni Ruth. Ni kisa cha kweli cha Botswana. Seretse yuko London anasoma sheria, mrithi wa kiti cha Bamangwato, anamwoa mzungu 1948 nyumbani hawajaridhia. Baba yake mdogo Tshekedi ndo kamlea na ndo anamshikia kiti, anawaka moto. Wengi wanaangalia wanasema mzee mbaguzi. Mimi namtetea kidogo. Mke wa mtawala kule ni wa watu wote, halafu kijana kamleta kama mtu kanunua shati akiwa safarini. Angeoa hata mweusi wa kabila lingine kwa staili ile mzee angekasirika tu.

Na hapa nampinga mleta mada kidogo. Hotuba imo. Seretse anasimama kwenye kgotla, ule mkutano wa kabila, anaongea na watu wake, na kweli kihistoria 1949 mkutano ulimkubali yeye na mkewe. Lakini ile sio mtu kavamia sebule ya watu kuhutubia, kusimama kwenye kgotla ndo utaratibu wenyewe wa kule, alikosea alipooa akarudi kuuliza mahali panapoulizwa. Kwa hiyo usiogope hotuba mkuu, tafuta tu mahali ambapo kwenu hotuba inaruhusiwa. Matatizo makubwa wakaletewa na Waingereza, wakawafungia nje ya nchi kwa kuogopa kuwaudhi makaburu wa Afrika Kusini ambao 1949 ndo walikuwa wanapitisha sheria yao ya kukataza ndoa za mchanganyiko, akaruhusiwa kurudi 1956, na 1966 akawa rais wa kwanza. Angalia pia wanawake wa nyumbani kwao wanavyompokea Ruth, ubaridi tu, hakuna matusi. Hizo sini fupi ndo zina kazi.

KijanaWaMitwero (Lindi)

Aisee nimekaa kimya naandika tu pembeni. Ng'wana Kilwa hiyo ya ng'ombe nikiitumia nitakutaja kwenye shukrani. Bi marahaba ya pili, yaani shikamoo, mjomba asiye na uhakika na sauti yake nimempenda kuliko hata wapenzi.

Kuna kitu bado kinanisumbua. Hawa wawili wote wanaongea Kiswahili safi, hakuna wa kutafsiriwa. Mtazamaji ataonaje kwamba hawaelewani?

Dada_wa_Masoko

Kutokuelewana hakuhitaji lugha mbili mdogo wangu, kaulize nyumba yoyote yenye mawifi.

Kuna movi ya Wajerumani inaitwa The White Masai, 2005, mwanamke wa Uswisi kaja likizo Kenya kampenda moran wa Kisamburu kahamia kwao porini. Nyingi tunazicheka hizi ila hii ina duka. Anafungua duka pale kijijini, anapanga mahesabu, na mume anawapa watu mali bila hela, ndugu, rafiki, jirani. Yeye mke anaona duka linakufa. Mume anaona hawezi kumfukuza mtu ambaye kesho na keshokutwa ndo atamtafutia ng'ombe aliyepotea. Halafu akiwachekea wateja kama wafanyabiashara wote tunavyochekea, mume anasoma kitu kingine kabisa anawaka wivu. Mimi nina genge hapa Masoko, ile sini ya mkopo niliiangalia nikasema huyu dairekta kaingia dukani kwangu. Hapo hata wangeongea lugha moja wasingeelewana, kwa sababu mmoja anahesabu shilingi na mwingine anahesabu watu.

Lakini nina kinyongo nayo. Kamera muda wote iko begani kwa mzungu. Anaumwa malaria tunaumwa naye, anaogopa tunaogopa naye, mume akianza kubadilika sisi tuko nje tu tunashangaa, mama mkwe anakaa pale hatujui anafikiri nini. Hata mwigizaji ni Jacky Ido wa Burkina Faso. Kwa hiyo wewe ukitengeneza yako usifanye Msukuma ndo wa kushangawa, wala usifanye Wamwera ndo wa kushangawa. Leo sini kwa huyu kesho kwa yule.

Pweza_wa_Mikindani

Dada ila ile imetokana na kitabu cha mwenyewe yule mama alichoandika maisha yake, ulitaka aandike ya moyoni mwa mumewe? Angebuni mngemlaumu tena.

Dada_wa_Masoko

Kitabu sawa aandike yake. Movi ina waandishi na mwongozaji na hela, wangemuuliza Msamburu mmoja tu wangekufa?

Mwalimu_Nachingwea

Nimechelewa, network ya huku. Naleta mbili tu.

Ya kwanza Mississippi Masala ya 1991, ya Mira Nair. Denzel Washington kijana anasafisha mazulia, Sarita Choudhury ni binti wa Kihindi, Mina, kwao walifukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 wakaishia Mississippi kwenye biashara za moteli. Baba yake Jay alizaliwa Uganda, alikuwa wakili, na rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Mwafrika aitwaye Okelo, siku za mwisho ndo huyo huyo akamwambia Afrika ni ya Waafrika, weusi. Jay akaondoka na hiyo sentensi mpaka Marekani. Miaka na miaka baadaye binti yake anapenda kijana mweusi, na baba anapomkataa Denzel kwa kweli hamjibu Denzel, anamjibu Okelo. Kijana wa watu hata Afrika hajawahi kufika. (Mira Nair mwenyewe akaolewa na Mahmood Mamdani, profesa wa Uganda aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini, kwa hiyo yale mambo ya Kampala alikuwa nayo ndani ya nyumba.)

Sasa mleta mada jibu la swali lako la jinsi ya kuonyesha ndo hili. Umesema wafugaji walitolewa Ihefu halafu umeliacha pale mwanzoni kama maelezo tu. Baba wa Kisukuma alishaambiwa mara moja aondoke na mifugo yake mahali alipokuwa anapaita kwake. Mjomba akimwambia neno dogo tu la kawaida, mathalani "nyie mlipokuja huku", mzee anasikia "mtaondoka tena". Na mjomba naye hajui kasema nini kibaya, yeye alikuwa anaanza hadithi. Halafu Kangomba hapo juu kaleta masihara lakini ufuta ulioliwa uwepo, uwe wa zamani, uliwe na ng'ombe wa mtu mwingine kabisa, na mjomba bado anao kifuani. Wazee wanagombana na watu ambao hawamo chumbani, vijana wanadhani wanagombaniwa wao.

Ya pili ni ya kwetu, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ndo iliyopelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Yasmin binti wa Kihindi wa Unguja kaozwa kwa mume mtu mzima, anakimbia, anaangukia kwenye mapenzi na Denge, Mswahili anayepigania uhuru, Waingereza wanamtafuta. Watu wanaangalia Yasmin na Denge, mimi namwangalia Mwajuma, shoga yake anayempokea wakati kwao wamemfungia mlango. Bila Mwajuma hakuna mapenzi pale, Yasmin angejulia wapi namna ya kuishi uswahilini? Wewe pia muweke mtu wa hivyo, na nadhani ni somo wa binti, anayejua wapi neno lipitishwe na wapi lizuiwe. Wapenzi wako wakiongea wao kwa wao dakika zote ishirini mtatuchosha.

Ng'wana_Kilwa

Mwalimu hapo kwa "nyie mlipokuja huku" umenigusa. Mimi hilo neno naambiwa mpaka leo na watu wanaonipenda, na huwa nacheka.

Bi_Shangani (Mtwara)

Somo sawa mwalimu kasema kweli, mwekeni, tena awe mcheshi, masomo wengi ni wacheshi. Lakini mambo ya unyagoni msithubutu kuingiza kamera. Mkitaka kuonyesha kwamba somo kamfunda binti jinsi ya kuishi na wakwe wageni, onyesheni wanaingia ndani na mlango unafungwa, sisi wenyewe tutajua. Mkifungua huo mlango mama zenu hawatawasamehe na mimi nitakuwa wa kwanza.

Mama wa binti msimnyamazishe. Yeye yuko katikati ya mumewe na kaka yake, akimfurahisha mmoja anamvunjia adabu mwingine, na wote wanamtumia kupeleka maneno. Nampa sini ya mchana anapepeta mtama peke yake anajisemea atakayoenda kumwambia kaka yake, anajaribu hivi, anajaribu vile. Mtacheka na mtalia.

Kijana wa Kisukuma na binti muwape mara moja tu wagombane wenyewe. Binti amuulize mbona baba yako hakumtafuta mjomba, na kijana amjibu mbona hukuniambia kuna mjomba. Na binti hakumwambia kwa sababu kwao hilo haliambiwi mtu, kila mtu anazaliwa analijua.

Halafu jambo la mwisho, mjomba mtafuteni mzee wa kweli. Hizi movi zenu za kumpaka kijana unga kichwani eti mvi tumezichoka.

KijanaWaMitwero (Lindi)

Bi mzee tunaye, anakaa hapa hapa Mitwero, tulimfuata jana jioni na wenzangu kumwomba. Katusikiliza vizuri akasema tumewasikia. Leo asubuhi mdogo wake kaja kutuuliza kama kilemba cha mzee tutakileta kabla ya kuwasha kamera au baada 😅

Kangomba_Mstaafu

Kabla. Pelekeni kabla.